John Kemp Starley na Baiskeli ya Chuma

Katika barabara iteremkayo kutoka Tukuyu kwenda Kyela, na katika njia za Masoko, Kiwira na Katumba, huonekana baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi, magunia ya viazi na madumu ya maji. Ingawa siku hizi pikipiki ni nyingi, baiskeli haijaacha kazi yake. Ukizitazama baiskeli hizo utaona kwamba zina rangi na majina mbalimbali: Phoenix, Raleigh, Hero na mengineyo. Lakini umbo lake ni moja. Kila moja ina magurudumu mawili yaliyo sawa, fremu ya mabomba ya chuma, na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma.

Je, umewahi kujiuliza umbo hilo lilitoka wapi? Mtu aliyelifanya lienee duniani aliitwa John Kemp Starley. Soma habari za maisha yake kwa makini, kisha utaweza kuichunguza baiskeli kama fundi anavyoichunguza.

Ujana wake

Starley alizaliwa Uingereza katika miaka ya 1850, mahali paitwapo Walthamstow, karibu na London. Baba yake alikuwa mtunza bustani. Mwaka 1872, akiwa bado kijana, aliondoka kwao akaenda katika mji wa Coventry kuishi na kufanya kazi kwa ami yake, James Starley. Ami huyo alikuwa fundi hodari wa cherehani na baiskeli. Katika karakana yake kijana alijifunza kukata chuma, kuunganisha mabomba na kukaza spoki. Zaidi ya hayo, alijifunza kuuliza kwa nini kila kifaa kimewekwa mahali kilipowekwa.

Baada ya miaka michache aliweza kusimama peke yake. Alishirikiana na mtu aliyeitwa William Sutton, wakaanzisha karakana yao ya kuunda baiskeli katika mji huohuo wa Coventry.

Baiskeli ya gurudumu kubwa

Baiskeli za wakati ule hazikufanana na hizi zetu. Gurudumu la mbele lilikuwa kubwa mno, nalo la nyuma lilikuwa dogo. Pedali zilifungwa kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, na fremu ilikuwa bomba moja tu lililopinda kama uti wa mgongo. Mpandaji alikaa juu kabisa, karibu na usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama.

Kwa nini gurudumu lilifanywa kubwa hivyo? Sababu yake ni rahisi kuelewa. Baiskeli hiyo haikuwa na mnyororo. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja tu. Kwa hiyo, ili kwenda mbali kwa kila mzunguko, ilibidi gurudumu liwe kubwa kadiri miguu ya mpandaji ilivyoweza kufikia.

Hatari yake ilikuwa kubwa. Gurudumu la mbele likigonga jiwe au kuingia shimoni, mpandaji alirushwa mbele, akaanguka kwa kichwa. Wengi waliumia vibaya, na wengine walikufa. Wazee, watoto, na wanawake waliovaa magauni marefu hawakuweza kuipanda. Chombo hicho kilikuwa cha vijana wenye nguvu na ujasiri peke yao. Starley aliona kwamba chombo kinachofaa watu wachache namna hiyo bado hakijakamilika.

Rover ya mwaka 1885

Starley alijiwekea shabaha chache. Mpandaji akae karibu na ardhi. Kiti kiwe mahali ambapo miguu itasukuma pedali kwa nguvu bila kuchoka upesi. Usukani nao uwe mahali pa kumsaidia mpandaji kujikaza. Tena, kiti na usukani viweze kupandishwa na kushushwa kulingana na kimo cha mtu.

Zingatia jambo hili: Starley hakubuni kila kifaa yeye mwenyewe. Mwaka 1879 Mwingereza mwingine, Harry Lawson, alikuwa amekwisha kuunda baiskeli yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, lakini haikupata wanunuzi wengi. Mwaka 1880 Hans Renold, aliyezaliwa Uswisi, alitengeneza katika mji wa Manchester mnyororo imara wenye vigurudumu vidogo ndani ya kila kiungo. Kazi ya Starley ilikuwa kuvichukua vifaa vilivyokuwapo, kuvipima, na kuvipanga pamoja hata vikafaa.

Mwaka 1885 alitoa baiskeli mpya, akaiita Rover, maana yake mtangatangaji. Magurudumu yake yalikaribiana kwa ukubwa, na mpandaji alikaa katikati yake. Watu waliozoea gurudumu kubwa waliidharau. Waliona haiwezekani magurudumu madogo kama yale yakaenda mbio. Basi mwezi Septemba mwaka huohuo yakafanyika mashindano ya maili 100, yaani kilomita 160 hivi. Mshindi, George Smith, aliipanda Rover, akamaliza safari kwa muda wa saa 7 na dakika 5 hivi, akavunja rekodi iliyokuwapo. Tangu hapo dharau ilipungua.

Meno ya mnyororo

Sasa tufanye hesabu ili tujue siri ya Rover. Chukua gurudumu kubwa lenye kipenyo cha sentimita 140. Mzingo wake ni 22/7 × 140, yaani sentimita 440. Huo ndio umbali wa mzunguko mmoja wa pedali.

Chukua sasa baiskeli ya kawaida yenye gurudumu la kipenyo cha sentimita 70. Mzingo wake ni sentimita 220 tu. Lakini gurudumu la meno lililo kwenye pedali lina meno 48, na lile la nyuma lina meno 20. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 48 ÷ 20, yaani mara 2.4. Kwa hiyo baiskeli huenda 220 × 2.4, yaani sentimita 528. Umeona? Gurudumu lililo nusu ya lile kubwa limekwenda mbali zaidi, na mpandaji wake yuko karibu na ardhi.

Walakini hakuna faida isiyo na gharama. Kadiri baiskeli inavyokwenda mbali kwa kila mzunguko, ndivyo mguu unavyopaswa kusukuma kwa nguvu zaidi. Baiskeli ya gia moja haiwezi kubadili hesabu yake njiani. Ndiyo sababu huenda vizuri katika tambarare za Kyela, lakini katika miinuko ya Rungwe mwenye mzigo hushuka akaisukuma.

Fremu na pembetatu

Fremu ya Rover ya kwanza ilikuwa na pengo katikati. Haikuwa na bomba la kutoka kwenye kiti hadi kwenye pedali. Katika miaka iliyofuata, Starley na mafundi wengine waliongeza bomba hilo, na fremu ikawa na umbo tunalolijua leo. Ukiitazama kwa ubavuni utaona kwamba mabomba ya nyuma yamefanya pembetatu, na yale ya mbele yamefanya umbo linalokaribia pembetatu. Pembetatu haipindi kwa urahisi. Nguvu ya mzigo hugawanyika katika pande zake zote.

Linganisha fremu za baiskeli uzionazo. Ile yenye bomba lililoshushwa, iliyofanywa ili mtu apande kwa urahisi akiwa amevaa gauni, huyumba zaidi ikibeba mzigo mzito. Ile yenye mabomba mawili ya juu ni nzito kuisukuma, lakini hustahimili gunia. Kila umbo lina kazi yake.

Mabomba hayo yana uwazi ndani. Bomba huwa jepesi kuliko nondo ya unene huohuo, na bado huwa gumu kupinda.

Mwisho wa maisha yake

Rover ilikuwa na kasoro moja kubwa. Mipira yake haikuwa na upepo, na magurudumu madogo yalimtikisa sana mpandaji. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa mpira wenye upepo. Mpira huo ulipofungwa kwenye baiskeli mpya, ile ya gurudumu kubwa ikatoweka barabarani.

Starley hakuacha kujaribu. Mwaka 1888 aliunda hata chombo cha magurudumu matatu kilichoendeshwa kwa umeme. Alifariki ghafula mwezi Oktoba mwaka 1901, kabla ya kutimiza miaka 50. Baadaye kampuni yake ilitengeneza pikipiki na motokaa. Mwaka 1948 kampuni hiyo ilitoa gari la Land Rover, ambalo lilikuja kujulikana sana katika barabara za matope za Tanzania. Nako Poland, watu huita baiskeli yoyote rower, neno lililotokana na baiskeli ya Starley.

Baiskeli katika milima ya Rungwe

Starley alitaka mpandaji afike salama. Nawe ukumbuke hivyo. Tukuyu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ufuko wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 500 hivi. Baiskeli iteremkayo huko hupata mwendo mkali, na mzigo huzidisha kazi ya breki. Tena Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake, na baiskeli huchelewa sana kusimama.

Kwa hiyo, kabla ya kuteremka, jaribu breki zote mbili. Tazama kama mnyororo umelegea. Chunguza maungio ya fremu. Ufa mdogo uliofichwa na kutu unaweza kukata fremu njiani. Futa maji, tia mafuta kwenye mnyororo, na paka rangi mahali palipochubuka ili chuma kisipate kutu. Ikiwa mvua inanyesha na mteremko ni mkali, shuka utembee. Fundi mwenye busara haoni haya kufanya hivyo.

Jaribio

Funga vijiti vitatu kwa kamba vifanye pembetatu. Funga vingine vinne vifanye mraba. Sukuma pembe moja ya kila umbo. Lipi limelala upande? Eleza sababu.

Maswali

1. Kwa nini baiskeli ya zamani ilikuwa na gurudumu kubwa la mbele?
2. Taja shabaha mbili alizojiwekea Starley.
3. Baiskeli ina meno 44 mbele na meno 22 nyuma, na kipenyo cha gurudumu lake ni sentimita 70. Itakwenda umbali gani pedali zikizunguka mara moja?
4. Kati ya baiskeli ya swali la 3 na ile yenye meno 48 na 20, ipi itapanda mlima kwa urahisi? Kwa nini?
5. Hesabu meno ya baiskeli moja ya kijijini kwenu, kisha tafuta umbali wake kwa kila mzunguko wa pedali.