Victor Silvester: Mtoto wa Kasisi Aliyewahesabia Watu Hatua

Wasomaji wa zamani wa kijitabu hiki wanajua kwamba kila mwaka tunatenga kurasa mbili tatu kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Tumesoma habari za wanasiasa, walimu na mashehe. Mwaka huu michango yetu inaanza kwa usiku wa dansi, na Kamati ikaona si vibaya tukimwandika mcheza dansi. Kazi hiyo nikapewa mimi, mshika daftari la mahesabu. Nadhani waliona kwamba dansi nalo ni hesabu, na kwa huyu mtu ninayemwandika hawakukosea.

Victor Silvester hakuwa wa kwetu. Alikuwa Mwingereza, na sijasoma popote kwamba aliwahi kutia mguu Afrika Mashariki. Lakini wale wazee wetu waliofanya kazi Tanga, bandarini na relini, wakati wa santuri za kuzungusha kwa mkono, wengi wao watalijua jina hilo. Baba yangu mdogo alikuwa na sahani zake mbili. Alizifunga kwa kitambaa cha kanga na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuzigusa.

Alizaliwa tarehe 25 Februari 1900 huko Wembley, ambako siku hizo kulikuwa nje kidogo ya London. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Shule hakuipenda, alitoroka zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ikiwa imeanza miezi michache tu nyuma, alikwenda kujiandikisha jeshini kwa kudanganya umri. Alikuwa bado hajatimiza miaka 15. Walimpokea katika kikosi cha Waskoti, kile cha Argyll and Sutherland Highlanders. Umri wake wa kweli ulipojulikana alitolewa kwenye mapigano, akaishia katika kundi la Waingereza lililobeba majeruhi kwa magari huko Italia. Huko alijeruhiwa mwaka 1917, na Waitalia wakampa nishani ya shaba kwa ushujaa.

Jambo moja la siku hizo alilifungia kifuani karibu maisha yake yote. Muda mfupi kabla ya kufa alisimulia kwamba, akiwa kijana mdogo, aliamriwa kusimama pamoja na askari wengine na kuwapiga risasi wenzao waliohukumiwa kifo kwa kutoroka vita. Wapo watafiti wanaoitilia shaka simulizi hiyo. Ninaiweka hapa kwa sababu watu wengi walimfahamu kwa suti iliyonyooshwa vizuri na sauti ya upole redioni, wakadhani maisha yake yote yalikuwa laini kama sakafu ya ukumbi.

Vita vilipokwisha, familia ilitarajia awe ofisa wa jeshi. Alisoma kidogo Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akaacha. Kazi aliyoichukua badala yake ingewasikitisha wazazi wengi, wa huko na wa kwetu. London wakati huo ilikuwa na desturi ya dansi za saa ya chai. Mabibi wengi walikuja bila mwenza, kwani vijana wengi sana walikuwa wamekufa vitani. Mwalimu mmoja wa dansi aliyeitwa Belle Harding aliajiri vijana wenye adabu na miguu myepesi wa kuwachezesha mabibi hao. Silvester akawa mmoja wao. Kwa hiyo alianza kama kibarua wa kucheza na wateja, na mwanamume aliyelipwa kufanya hivyo hakuwa na heshima kubwa. Hata hivyo, shule nzuri kuliko hiyo sidhani kama ipo. Alipokea mtu mpya kila baada ya dakika chache, mrefu au mfupi, mjuzi au mzito wa mguu, na kila mmoja alipaswa arudi kitini akiamini kwamba anajua kucheza.

Hapa inabidi nieleze hali ya dansi lenyewe ilivyokuwa. Muziki mpya ulikuwa umeingia kutoka Marekani, na kwa muziki huo foxtroti. Walsi ya zamani ilikuwa na utaratibu wake, lakini hii mitindo mipya kila mtu aliicheza alivyotaka. Waliofundisha walifundisha tofauti, na mtu aliyejifunza mtaa mmoja alikanyagana na aliyejifunza mtaa wa pili. Mwaka 1920 walimu wa London walianza kukutana ili wakubaliane.

Silvester aliingia katika kazi hii wakati huohuo, na hakuchelewa kujulikana. Mwaka 1922, akiwa na miaka 22, alishinda mashindano ya kwanza ya dunia ya dansi la ukumbini, mwenza wake akiwa Phyllis Clarke. Siku chache tu baadaye alimwoa Dorothy Newton, msichana mwingine kabisa. Wanaodhani wachezao pamoja lazima wawe na jambo lao, hapo wamepata jibu. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, naye akaitwa Victor. Silvester aliingia tena mashindanoni mwaka 1924 akawa wa pili. Ubingwa wake ulikuwa huo mmoja.

Wachezaji wengi hadithi yao huishia kwenye kikombe. Ya kwake ndiyo kwanza ilianza. Mwaka 1924 chama cha walimu wa dansi cha Uingereza, kilichokuwapo tangu 1904, kilianzisha tawi la dansi la ukumbini, na Silvester akawa miongoni mwa waanzilishi wa kamati yake, pamoja na Josephine Bradley na wengine. Wakakaa na kufanya kazi ambayo mtu wa mahesabu anaielewa mara moja: waliichukua kila hatua wakaiandika. Mguu gani unatangulia, unakwenda upande gani, mwili unageuka kiasi gani, kisigino kinainuka wapi na kushuka wapi, na yote hayo kwa pigo la ngapi. Kisha wakatunga mitihani, ili anayejiita mwalimu awe amepimwa. Dansi la ukumbini linaloshindaniwa leo, iwe Japani au Afrika Kusini, limejengwa juu ya maandishi hayo. Baadaye alikuwa rais wa chama chenyewe kuanzia 1945 hadi 1958.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alitoa kitabu cha mafunzo ya dansi la kisasa, nacho kilichapwa tena na tena kwa miaka mingi. Alifungua pia shule yake Bond Street, mtaa wa matajiri. Lakini kitabu kilinunuliwa na makarani, wauza maduka na wasichana wa viwandani, watu ambao Bond Street wangepita tu wakitazama vioo vya maduka.

Shida iliyobaki ilikuwa muziki. Anayejifunza nyumbani alihitaji sahani ya santuri, na bendi za wakati ule zilipiga zilivyopenda. Wimbo ungeanza taratibu, ukanoga, ukakimbia. Kwa msikilizaji hiyo ni raha. Kwa mtu anayejifunza kuweka mguu ni balaa, kwani anapotea kisha anajilaumu mwenyewe. Silvester alitaka sahani zenye mwendo usiobadilika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1935 akaunda bendi yake ndogo ili aufanye muziki huo mwenyewe.

Mwendo usiobadilika maana yake ni hii. Walsi ina mapigo matatu katika kila kifungu. Kanuni za mashindano siku hizi zinataka vifungu 28 hadi 30 kwa dakika. Kwa 30, hayo ni mapigo 90. Kwikistepi ina mapigo manne kwa kifungu, na vifungu 50 kwa dakika ni mapigo 200. Ukizidisha kidogo tu, mchezaji wa kawaida anaanza kuhema, ukipunguza, anayumba. Bendi ya Silvester ilikuwa na saksafoni, fidla, besi, ngoma na piano mbili: moja ilishika wimbo, nyingine ikaupamba kwa juu. Waimbaji karibu hakuwatumia kabisa, ili sikio la mchezaji lisivutwe na maneno.

Wapiga jazi walimcheka. Walisema muziki wake ni mkavu, kama saa ya ukutani. Kwa upande mmoja walikuwa na haki. Mimi mwenyewe nikiusikiliza nimekaa kitini, baada ya nyimbo nne napiga miayo. Ila ukisimama na mtu mkononi mambo yanabadilika. Unajua pigo lijalo litaangukia wapi, woga unaondoka, na unaanza kumtazama uliye naye badala ya kutazama viatu. Hicho ndicho alichokuwa akiuza, na wanunuzi hawakukosekana. Sahani zake zinahesabiwa kuwa zimeuzwa milioni 75, na shule zake zilifikia 23. Wakosoaji wake wengi hawakufika hata robo ya robo ya hapo.

Vita kuu ya pili vilimwongezea umaarufu. Kuanzia mwaka 1941 alikuwa na kipindi cha mafunzo ya dansi katika redio ya BBC. Fikiria ugumu wake: unamfundisha mtu kucheza naye hakuoni. Silvester alizitaja hatua polepole, ya taratibu na ya haraka, akarudia, ili msikilizaji aandike kwenye karatasi. Kisha bendi ikapiga. Watu walisogeza meza wakacheza na kipande cha karatasi mkononi, nje mji ukiwa gizani kwa kuogopa mabomu. Askari wa Kimarekani walipokuja na mtindo wao wa kurusharusha miguu, kumbi nyingi ziliupiga marufuku. Yeye aliukaribisha, akarekodi muziki wake kwa bendi nyingine iliyojaa wapiga jazi walewale, akaufundisha kwa mpangilio. Tangu 1948 akawa pia na kipindi cha televisheni kilichodumu miaka 17.

Mwaka huohuo wa 1948 idhaa ya BBC ya nchi za nje ilimpa kipindi cha nyimbo za kuombwa na wasikilizaji, kikaendelea kwa miaka 27. Barua zilimjia kutoka kila pembe ya dunia. Hapo ndipo alipotufikia sisi.

Mwambao wetu haukuwa mgeni wa mambo haya. Tulikwisha kuwa na beni, ngoma ya magwaride na matarumbeta iliyoanza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikasambazwa na askari wa vita vya kwanza hadi bara. Miaka ya 1930 vijana wa mijini waligeukia vilabu vya dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Walivaa suti na tai, wakajifunza walsi, foxtroti na rumba, na hatua zilihesabiwa kwa sauti. Baba mdogo niliyemtaja alitufundisha hivyo sebuleni, kwa Kiingereza chake cha relini, akigonga sakafu kwa fimbo tulipokosea.

Rumba ndiyo inayonifanya nifikiri zaidi. Ilitoka kwa Wakuba, wengi wao wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Sahani za Kuba zilifika Kongo na Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930, na watu wetu wakaitambua kama mtu anayetambua sauti ya ndugu yake. Wakati huohuo walimu wa London nao waliiandika katika vitabu vyao. Mmoja wao, Monsieur Pierre, alisafiri hadi Kuba mwaka 1947 akakuta kwamba walichokuwa wakifundisha London hakikufanana na walichocheza wenyewe. Ukazuka ugomvi mkubwa kati ya walimu uliofika miaka ya 1960 ndipo mtindo wa Kikuba ukakubaliwa. Silvester, aliyerekodi rumba, samba na cha-cha kwa wingi, alizipiga kwa mwendo wake uleule ulionyooka, na mwenye asili nazo angeona zimepungua chumvi.

Je, waliokaa London wakaandika ngoma ya wengine waliiokoa au waliichukua? Nadhani yote mawili yalitokea. Wakuba hawakuulizwa kitu, na vyeti vikatolewa Uingereza. Hata hivyo kila nikiangalia mdumange wetu naona upande wa pili wa hesabu hiyo. Waliobaki wanaoujua vizuri, pamoja na nyimbo zake na mahali pa kila mguu, wanazidi kupungua kila tunaporudi nyumbani kwa mazishi. Hakuna aliyekaa nao na daftari. Kamati ikiona inafaa, katika bajeti ya mwaka ujao kuna nafasi ya kumlipa kijana mmoja nauli na posho akakae nao miezi miwili. Nimepiga hesabu, ni pungufu ya gharama ya kukodi viti vya usiku mmoja.

Mwaka 1961 Silvester alipewa nishani ya OBE na serikali ya Uingereza. Wakati huo vijana walikuwa wakianza kucheza kila mtu peke yake, bila kushikana, na kumbi kubwa za dansi zilikuwa zikigeuzwa kuwa za bahati nasibu. Shule zake zikapungua. Yeye aliendelea kurekodi, na mwanawe Victor akachukua hatamu za bendi. Tarehe 14 Agosti 1978, akiwa mapumzikoni Le Lavandou kusini mwa Ufaransa, alikwenda kuogelea baharini, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 78. Bendi iliendelea kupiga chini ya mwanawe kwa miaka mingi, kwa mwendo uleule.