Misiani Aketi Wapi Katika Baraza la Watunzi?

Mjadala kuhusu nani alikuwa mtunzi bora wa nyimbo za roki katika kizazi kilichozaliwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili haujaisha, wala hautarajiwi kuisha. Ulipamba moto mwaka 2016, Bob Dylan alipotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, na wahakiki wakagawanyika pande mbili: wanaoshikilia kwamba maneno ya wimbo ni fasihi kamili, na wanaodai kwamba wimbo ukiondolewa ala hubaki mifupa mitupu. Wanafunzi wetu nao huutia chumvi mjadala huo, wakitaja majina ya Liverpool na Marekani kana kwamba huku kwetu hakuzaliwa mtu.

Ilhali alizaliwa. Tarehe 22 Februari 1940, miezi minane hivi kabla ya John Lennon na mwaka mmoja na ushei kabla ya Dylan, Daniel Owino Misiani alizaliwa Nyamagongo, karibu na Shirati, katika Tanganyika ya wakati huo. Kutoka hapo hadi Migori ni mwendo mfupi. Lugha ni ile ile ya Kijaluo, na mpaka uliochorwa na wakoloni haukupata kuwazuia watu kuoana wala kuzikana. Wazazi wake walikuwa watu wa dini walioliona gitaa kuwa chombo cha upotovu. Kijana hakusikia la mwadhini wala la mnadi swala. Alivuka kuja Kenya, na katikati ya miaka ya 1960 alikuwa amekwisha kuingia studio. Bendi yake ilibadili majina kabla ya kutulia kwenye lile lililodumu, Shirati Jazz, jina la kwao alikotoka.

Tukizungumzia ala pekee, sioni haja ya kumpa Misiani kiti cha kwanza. Benga ina wazee wengi. Wako wanaoanza hesabu na John Ogara. Wako wanaoapa kwa jina la George Ramogi, na wengine kwa Collela Mazee wa Victoria Jazz. Gabriel Omolo alitunga Lunchtime kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapendwa hata na watu wasiojua neno moja la Kijaluo. Ufundi wa kulidonoa gitaa upesi upesi, kwa kuiga nyuzi nane za nyatiti, ulikuwa mali ya wote. Nchini Zimbabwe mtindo huo uliitwa kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo, mtoaji wa santuri kutoka Nyanza Kusini ambaye baadaye aliingia bungeni. Heshima hiyo haikuwa ya mwanamuziki mmoja.

Hoja yangu imo katika maneno. Misiani aliitwa Mfalme wa Historia, na lakabu hiyo hakuipata kwa kuorodhesha tarehe. Alikuwa akichukua kisa cha Biblia, au cha wanyama, akakisimulia kwa utulivu kama mzee aotaye moto jioni, na msikilizaji akajikuta anamtambua waziri fulani bila jina lake kutajwa. Wajaluo huiita mbinu hiyo ngero, neno libebalo methali na fumbo kwa pamoja. Mwanafunzi aliyesoma tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa ataitambua mara moja, kwani Muyaka naye, katika karne ya 19, alizungumza na watawala kwa mafumbo ambayo raia waliyafumbua kwa urahisi kuliko wakubwa walivyopenda.

Tena kulikuwa na kizuizi ambacho wahakiki wa ushairi hawakitilii maanani. Santuri ndogo ya siku hizo ilibeba kama dakika tatu tu kila upande, hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Mtunzi alilazimika kujua hadithi asimamishe wapi, ili msikilizaji aone haja ya kugeuza santuri. Asiyeamini kwamba huu ni ufundi wa fasihi na ajaribu kuandika kisa kwa masharti hayo.

Mafumbo hayakumkinga daima. Alitunga chini ya Kenyatta, chini ya Moi na chini ya Kibaki, na akakamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Bim en Bim, wimbo wake wa miaka ya mwisho kuhusu nyani, ulizua maswali mengi katika siasa za wakati huo. Ni kweli aliimba pia sifa za watu binafsi, kama walivyofanya wanabenga wote, na baadhi ya nyimbo hizo hazina uzito. Lakini malenga gani asiye na tungo za kujipatia riziki?

Okot p'Bitek wa Gulu, aliyeandika kwa Kiacholi, ndugu wa Kijaluo, amesomwa shuleni kwa miongo kadhaa, na anastahili. Misiani hajasomwa hivyo, na sioni sababu nyingine isipokuwa kwamba mmoja alipigwa chapa na mwingine akabaki kwenye santuri. Mwaka 2007 kitabu kilichohaririwa na Kimani Njogu na Hervé Maupeu kuhusu nyimbo na siasa Afrika Mashariki kilimpa sura nzima, lakini chuo kikuu si darasa la kidato cha pili.

Kwa hiyo nawaelekea walimu wa Awendo, Rongo, Ndhiwa na Mbita. Kaseti zilizomo majumbani mwenu zinaharibika, na wazee wanaojua kila nyani alikuwa nani wanapungua mwaka baada ya mwaka. Maneno yakiandikwa bila maelezo yao, kizazi kijacho kitasoma hadithi za wanyama tu. Misiani mwenyewe hayupo wa kuulizwa: alifariki tarehe 17 Mei 2006 katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66. Miaka minne baadaye mkusanyo wa nyimbo zake za miaka ya 1970 ulitolewa London.