Bwana Rebmann na Rafiki Zake

Sisi tukaao katika bonde la Kilombero twaijua hatari ya mtu avukaye mto peke yake wakati wa mafuriko. Katika imani ni vivyo hivyo. Na tuyatazame maisha ya Bwana Johannes Rebmann.

Alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Mwaka 1846 alifika Mombasa, akamkuta Bwana Ludwig Krapf, ambaye mwaka 1844 alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga. Wakapanda pamoja kwenda Rabai, wote wawili wagonjwa wa homa, wakipokezana punda mmoja. Mawazo yao hayakupatana sikuzote: Krapf alitamani kufungua vituo upesi hata ndani ya bara, Rebmann alipenda kukaa mahali pamoja na kufundisha kwa saburi. Walakini pendo lao halikukatika.

Mwaka 1853 Krapf alirudi Ulaya kwa ajili ya ugonjwa, Rebmann akabaki. Mwaka 1866 mkewe akafariki, kisha macho yake yakapofuka. Mwaka 1875 Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, akamsindikiza mpaka Ulaya. Rebmann akakaa Korntal, karibu na Krapf, hata alipofariki mwaka 1876. Krapf akamfuata mwaka 1881, akazikwa huko huko.

Basi, yeye aliyewaongoza wengine alihitaji kuongozwa. Nasi tusione haya kushikwa mkono. Na ndugu yetu akilegea katika imani, tusingoje atuite.