George Lilanga: Mlinzi aliyewafanya mashetani wacheke

Iringa mjini kuna jiwe linaitwa Gangilonga, yaani jiwe linaloongea. Mbeya kuna Ziwa Ngosi, lile la kwenye kreta, ambalo wazee wanasema ndani yake anaishi nyoka mkubwa wa ajabu. Mtoto wa Nyanda za Juu Kusini anakua na hadithi hizi, halafu siku akifundishwa kuhusu surealizimu anaonyeshwa saa za Salvador Dalí zinazoyeyuka, akidhani sanaa ya ndoto ni jambo la Wazungu peke yao.

Jina hilo kweli lina mizizi Ufaransa. Mwaka 1924, jijini Paris, mshairi André Breton alitangaza kwamba msanii aache kunakili anachokiona na achote kutoka ndotoni. Lakini mtu rahisi zaidi kumwanzia mwanafunzi wa Tanzania ni Mmakonde mmoja ambaye hakuhitaji tangazo hilo: George Lilanga.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, kwa wazazi wenye asili ya Msumbiji. Alianza kuchonga akiwa kijana, kwanza vitu laini, baadaye mpingo, mti mgumu unaokula patasi na uvumilivu wa mtu. Kwa Wamakonde uchongaji si kitu cha ajabu. Ni kazi, kama kilimo.

Wakati huo Dar es Salaam kulikuwa na mtindo mpya wa kuchonga mashetani. Mwanzilishi wake anatajwa kuwa Samaki Likankoa, aliyekuwa akimuuzia sanamu mfanyabiashara Mohamed Peera. Inasimuliwa kwamba siku moja sanamu yake ilivunjika mkono. Badala ya kuitupa aliigeuza kuwa kiumbe wa ajabu wa hadithi za kwao, na Peera akaipenda. Toka hapo mpingo ukaanza kutoa viumbe wenye jicho moja, matumbo yanayozunguka, miguu inayoota mahali pasipo pake. Ukiweka sanamu hizo karibu na picha za akina Dalí utaona ni kama ndugu, ingawa wachongaji hawa hawakuwa wanafunzi wa Paris.

Lilanga alifika Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya 1970. Mjomba wake, Augustino Malaba, naye mchongaji, alikuwa Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa na Sista Jean Pruitt, mtawa kutoka Marekani. Lilanga alipata kazi hapo, lakini si ya usanii. Alikuwa mlinzi.

Waliokuwepo waligundua haraka kwamba mlinzi wao ana mkono. Akapewa nafasi, na hapo ndipo mambo yakaanza kunoga. Hakubaki kwenye mpingo tu. Alichora kwa wino, akatengeneza batiki, akachora kwenye ngozi za mbuzi, akakata vyuma. Baadaye akahamia kwenye rangi zinazong'aa juu ya ubao na kitambaa. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani.

Na hapa kuna jambo la kumwonyesha mwanafunzi. Mashetani wa Lilanga hawatishi. Wana masikio makubwa, midomo minene, matumbo yaliyovimba, na vidole vichache tu. Lakini angalia wanachofanya: wanacheza ngoma, wanakunywa, wanabeba watoto, wanagombana, wanapiga umbea. Ni sisi kabisa! Alichukua mapepo ya hadithi za Kimakonde akayapeleka uswahilini Dar es Salaam, yakaishi maisha ya kawaida. Mstari mweusi unazunguka kila umbo, rangi zinajaa hadi pembeni, hakuna nafasi inayobaki wazi. Macho hayajui yatue wapi.

Umaarufu ulileta mzigo wake. Oda ziliongezeka, naye akafanya kazi na wasaidizi, wengine wa ukoo wake, akiwemo mjukuu wake Hendrick Lilanga. Mzee alichora michoro, wenzake wakasaidia kujaza rangi. Kwa karakana za Kimakonde huo ni utaratibu wa kawaida. Kwa wanunuzi wa nje ukawa utata: ipi ni ya mkono wake, ipi ni ya karakana, na ipi ni feki iliyotiwa sahihi yake tu? Kiukweli swali hilo linawahusu zaidi wenye pesa kuliko wenye macho, lakini ndilo linaloamua bei mpaka leo.

Halafu kisukari. Ugonjwa ulimwandama miaka yake ya mwisho hadi akakatwa miguu. Mtu aliyezoea kukaa chini na gogo la mpingo kati ya magoti hakuweza tena. Mikono ilibaki, na aliendelea kuchora. Kazi za kipindi hicho hazina huzuni unayoitegemea. Mashetani wake bado wanaruka na kucheza kwa miguu ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo tena.

Alifariki Dar es Salaam Juni 27, 2005. Wakati huo kazi zake zilikuwa kwenye Africa Remix, maonyesho makubwa ya wasanii wa Afrika yaliyoanzia Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 2004, yakapita London, na siku anafariki yalikuwa yamefunguliwa Kituo cha Pompidou, Paris. Jiji lile lile la Breton.

Kwa mwalimu wa Mbeya au Iringa anayetaka kujaribu darasani, vifaa si tatizo: karatasi, kalamu nyeusi ya mstari wa nje, na rangi yoyote iliyopo. Waulize wanafunzi yule nyoka wa Ngosi ana sura gani, au Gangilonga likifungua mdomo linafananaje. Kisha, kama alivyofanya Lilanga, wampandishe huyo kiumbe daladala, au wampeleke sokoni kununua nyanya.