Muuza Vyungu Aliyeimba Hadi Bombay

Pale Kwa Mrombo jioni kuna wapiga debe ambao sauti imeshakwaruza kabla jua halijazama, na wengine wanaita hadi usiku bila kukauka. Tofauti hiyo inanikumbusha Siti binti Saad, maana kabla ya taarabu naye alikula kwa kuita wateja.

Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa ni Mtumwa, hivyo hivyo! Siti lilikuja baadaye. Shule hakuiona. Alichopata ni kubeba vyungu kwa miguu, akivinadi njiani, na husimuliwa kwamba sauti yake ilifika kabla yake.

Kwa waliokacha baiolojia: ndani ya koo kuna kano mbili za sauti. Ukipumua tu zinaachana. Ukitaka kusema zinakaribiana, hewa ya mapafuni inapenya kwa nguvu, nazo zinatetemeka, kwa mwanamke kama mara 200 kwa sekunde. Ukizikaza sauti inapanda, ukizilegeza inashuka. Ila ukubwa wa sauti unategemea sana pumzi. Anayelazimisha koo badala ya pumzi anazigonganisha kano mpaka zinavimba, ndiyo ule ukwaruzo. Kwa maoni yangu, vyungu vilimfundisha Siti pumzi kabla hajapata mwalimu. Sisi wa ualimu, tutakaoishi kwa koo hilo hilo, tuliangalie hili.

Mwaka 1911 alihamia mjini, ambako mwanamuziki Ali Muhsin alimfundisha. Akaungana na kina Subeti Ambari, Buda Swedi na Maalim Shaaban. Wenye wivu walimtungia wimbo wa kumsimanga kwamba katoka shamba na kaniki. Alijibu kwa wimbo, na jibu lake ndilo lililodumu.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi na His Master's Voice, kwa Kiswahili, na santuri zikamfikisha kwa watu ambao hawakuwahi kumwona. Sasa wimbo wake wa Kijiti ndio unaonigusa zaidi: mwanamke mgeni kauawa, muuaji katoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakaadhibiwa, eti kwa sababu ya pombe. Mahakama ilishafunga shauri. Siti akaliimba, likawa linasikika kila penye gramafoni.

Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Siti alifariki mwaka 1950.