Alexander Graham Bell: Simu Ilivyozaliwa Nyumbani kwa Wasiosikia

Simu uliyoshika mkononi ukisoma makala hii ina historia ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Mtu aliyepewa hataza ya simu, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi huo, hakuwa fundi wa umeme wala mfanyabiashara. Alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake alikuwa hasikii vizuri, na mke wake alikuwa kiziwi kabisa. Jina lake ni Alexander Graham Bell.

Wiki hizi tumekuwa tukizungumza redioni kuhusu vifaa vya kusaidia kusikia, vile ambavyo baadhi yetu huviita shimesikio. Baadhi yenu wasikilizaji mmetuuliza kifaa kile kidogo hufanyaje kazi. Wengine mmeuliza kama ni kosa kumfundisha mtoto kiziwi lugha ya alama, kwa kuwa mmeambiwa itamfanya asijifunze kusema. Tumeona tujibu kwa kusimulia maisha ya Bell. Swali la kwanza linajibiwa na mafanikio yake, na la pili linajibiwa na makosa yake.

Mtoto aliyezungumza na paji la uso

Bell alizaliwa Machi 3, 1847, katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Baba yake, Alexander Melville Bell, alikuwa mwalimu wa matamshi. Alibuni alfabeti ya pekee ambayo kila alama yake ilionyesha ulimi, midomo na koo hukaaje mtu anapotoa sauti fulani. Aliyeijua alfabeti hiyo aliweza kutamka maneno ya lugha asiyoifahamu kwa kusoma alama tu.

Mama yake, Eliza, alipenda kupiga piano ingawa usikivu wake ulikuwa mdogo sana. Alitumia mrija wa kusikilizia, kifaa chenye mdomo mpana kama faneli kinachokusanya sauti na kuipeleka sikioni. Siku hizo hakukuwa na kifaa kingine. Mrija huo haukuongeza sauti kwa umeme. Ulifanya kazi kama mtu anavyoweka kiganja nyuma ya sikio, ila kwa nguvu zaidi kidogo.

Watu wengine walipaza sauti ndani ya mrija wakitaka kuzungumza na Eliza. Mwanawe alikuwa na njia yake. Alisogeza mdomo karibu na paji la uso la mama na kusema kwa sauti nzito ya chini, ili mama ahisi mtetemo. Pia alijua herufi za vidole, na wageni walipokaa sebuleni wakizungumza, alimfikishia mama mazungumzo yao kwa mikono, kimya kimya. Kwa hiyo tangu utotoni Bell alijua mambo mawili: kwamba sauti ni mtetemo, na kwamba mikono nayo inaweza kusema.

Msiba na safari

Bell alikuwa mtoto wa kati kati ya wavulana watatu. Mdogo wake, Edward, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1867. Mwaka 1870 kaka yake mkubwa, Melville, naye akafa kwa ugonjwa huohuo. Wazazi waliogopa kumpoteza na huyu aliyebaki, ambaye afya yake haikuwa nzuri. Mwaka huohuo wakavuka bahari kwenda Kanada na kununua shamba karibu na Brantford, jimbo la Ontario.

Hali ya hewa ilimsaidia. Mwaka 1871 alikwenda Boston, Marekani, kufundisha katika shule ya viziwi kwa kutumia ile alfabeti ya baba yake. Mwaka 1873 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Boston. Alikuwa na miaka 26.

Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo wawili waliobadili maisha yake. Wa kwanza alikuwa George Sanders, mtoto mdogo aliyezaliwa kiziwi. Wa pili alikuwa Mabel Hubbard, msichana aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 5 kwa sababu ya homa ya vipele vyekundu. Mabel alikuwa hodari wa kusoma midomo. Baba zao, Thomas Sanders na Gardiner Hubbard, ndio waliotoa fedha za majaribio ya Bell. Kwa maneno mengine, fedha zilizozaa simu zilitoka kwa wazazi wa watoto viziwi.

Sikio la maiti na bua la nyasi kavu

Mchana Bell alifundisha, usiku alifanya majaribio. Wakati huo ujumbe ulipelekwa mbali kwa telegrafu, mtambo uliotuma mapigo mafupi na marefu ya umeme kupitia waya. Bell alitaka kupeleka ujumbe mwingi kwa wakati mmoja juu ya waya mmoja. Lakini moyoni alikuwa na jambo kubwa zaidi, kupeleka sauti yenyewe ya mtu.

Mwaka 1874 daktari wa masikio wa Boston, Clarence Blake, alimpatia sikio la maiti kwa ajili ya utafiti. Bell alishikiza bua jembamba la nyasi kavu kwenye vijifupa vya ndani ya sikio hilo, kisha akaweka chini yake kioo kilichopakwa masizi. Alipozungumza ndani ya sikio, ngoma ya sikio ilitetemeka, vijifupa vikasogea, na bua likachora mawimbi kwenye masizi. Alitaka wanafunzi wake viziwi waione sauti kwa macho.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Ikiwa ngozi nyembamba kama ile ya sikio inaweza kusogeza mifupa, basi utando mkubwa zaidi unaweza kusogeza kipande cha chuma mbele ya sumaku. Chuma kikisogea mbele ya sumaku yenye waya, umeme katika waya nao hupanda na kushuka kufuatana na sauti. Upande wa pili, umeme huo unaweza kutikisa utando mwingine na kuirudisha sauti.

Akisaidiwa na fundi kijana, Thomas Watson, Bell alihangaika na wazo hilo kwa miezi mingi. Februari 14, 1876, maombi yake ya hataza yalifikishwa Washington. Siku hiyohiyo mvumbuzi mwingine, Elisha Gray, alifikisha karatasi zake kuhusu mtambo unaofanana. Hataza alipewa Bell, Machi 7. Machi 10, akiwa chumba kimoja na Watson chumba kingine, Bell alimwita msaidizi wake aje, na Watson akayasikia maneno hayo kupitia waya. Kesi kuhusu nani hasa alitangulia ziliendelea miaka mingi. Mwaka 1888 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba haki ni ya Bell, ingawa mpaka leo wapo wanaobishana.

Julai 1877 Bell alimwoa Mabel. Zawadi yake ya harusi ilikuwa hisa zake karibu zote za kampuni ya simu; yeye alibakiza 10 tu. Mwanamke ambaye hangeweza kusikia simu ikilia ndiye akawa mmiliki wa sehemu kubwa ya kampuni hiyo.

Kutoka simu hadi shimesikio

Fedha hazikumwondoa Bell kwenye masuala ya viziwi. Mwaka 1879 alitengeneza odiomita, kipimo cha usikivu, na akakitumia kuwapima watoto wa shule. Iligundulika kwamba watoto wengine walioitwa wazito wa kuelewa walikuwa hawasikii vizuri tu. Kipimo cha ukubwa wa sauti kiliitwa kwa jina lake: desibeli, yaani sehemu ya kumi ya beli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa kiasi cha desibeli 60.

Bell mwenyewe hakutengeneza kifaa cha kuvaa sikioni, lakini vifaa vya kwanza vya umeme vilizaliwa kutokana na simu. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, Mmarekani Miller Reese Hutchison alichukua maikrofoni ya aina ya simu, spika yake na betri, akavifanya kifaa cha kumsaidia mtu kusikia. Kilikuwa kizito na kilihitaji betri kubwa. Mwaka 1947 maabara zilizobeba jina la Bell zilivumbua transista, na miaka michache baadaye vifaa vya kusikia vikawa miongoni mwa bidhaa za kwanza kuitumia. Ndipo vikaanza kuwa vidogo.

Hata shimesikio la leo lina sehemu zilezile. Maikrofoni hupokea sauti na kuigeuza umeme, kikuza sauti huupa umeme huo nguvu, spika ndogo huurudisha kuwa sauti ndani ya sikio, na betri huendesha vyote. Kifaa hakiponyi sikio. Hukuza sauti kwa yule ambaye sikio lake bado lina uwezo kiasi. Ndiyo maana mtu hupimwa kwanza, na kifaa hupangwa kulingana na sikio lake. Kununua cha kubahatisha sokoni au kuazima cha jirani si jambo la busara.

Kosa la mtu mwenye nia njema

Tungeweza kuishia hapo, lakini viziwi wengi duniani hawamkumbuki Bell kwa furaha, na wana sababu.

Bell aliamini kwamba kiziwi ataishi vizuri akifundishwa kusema kwa mdomo na kusoma midomo, kama mke wake. Lugha ya alama, ambayo yeye mwenyewe aliijua, alitaka iondolewe madarasani. Alisahau jambo moja. Mabel aliwahi kusikia, na alikuwa amejua kusema kabla ya kuugua. Pia alitoka katika nyumba yenye uwezo, na walimu walikuja kumfundisha peke yake. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana mwanzo kama huo.

Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia. Karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Wakapitisha kwamba kufundisha kwa mdomo ni bora kuliko kwa alama. Miaka mitatu baadaye Bell alisoma mbele ya wanasayansi wa Marekani andiko lililoonya kwamba viziwi wakiendelea kuoana watazaa jamii ya viziwi. Hakutaka sheria ya kuwakataza, lakini alipendekeza wasikusanywe katika shule zao za bweni, na wasifundishwe na walimu viziwi. Ukweli ni kwamba wazazi viziwi wengi huzaa watoto wanaosikia, na watoto viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia.

Matokeo yalikuwa machungu. Katika nchi nyingi walimu viziwi walipoteza kazi. Watoto walikatazwa kutumia mikono, wengine wakaadhibiwa kwa hilo. Walikaa darasani miaka mingi wakijifunza kutamka maneno machache, huku hesabu na historia zikiwapita. Ilichukua miaka 130, hadi mkutano wa elimu ya viziwi wa Vancouver, Kanada, mwaka 2010, kwa maamuzi ya Milan kukataliwa rasmi na masikitiko kutolewa. Mwaka huohuo Katiba mpya ya Kenya iliitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Tusimhukumu kwa upande mmoja pia. Ni Bell aliyempokea baba wa Helen Keller, mtoto asiyeona wala kusikia, na kumwelekeza mahali alipopatiwa mwalimu. Mwalimu huyo alimfundisha Helen kwa kuandika herufi za vidole kiganjani mwake. Helen alimpenda Bell hadi mwisho, na kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1903, alikitoa kwa heshima yake.

Neno la mwisho lilisemwa kwa mkono

Bell alifariki Agosti 2, 1922, nyumbani kwake karibu na Baddeck, Kanada, akiwa na miaka 75. Siku ya mazishi simu za Amerika Kaskazini zilinyamaza kwa dakika moja. Walioandika maisha yake husimulia kwamba Mabel, akiwa kando ya kitanda, alimsihi asimwache. Bell hakuwa na nguvu za kutoa sauti. Alimjibu kwa ishara ya vidole kwamba hapana.

Yule aliyepigania maisha yake yote kwamba viziwi waseme kwa mdomo, alipoishiwa sauti mkono wake ndio uliomsemea kwa mkewe.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji uliyetuuliza, jibu letu ni hili. Ukiona mtoto wako hashtuki kwa kelele, au amechelewa kusema, au daima anataka redio iongezwe sauti, mpeleke hospitali apimwe mapema. Kama shimesikio litamfaa, avae bila aibu, kama mwingine avaavyo miwani. Na kama ni kiziwi, jifunzeni naye lugha ya alama, nyumba nzima, bibi na babu wakiwemo. Haitamzuia kujifunza kusema. Itamzuia kukaa mezani kwenu kama mgeni, akiwatazama mnavyocheka bila kujua mnacheka nini.