Albert Cook wa Mengo: muganga aliyeleta mashini ya kuona ndani ya mwili

Kijana wa Masisi ao wa Walikale akimaliza sekondari na kusema anataka kujifunza kazi ya ekografi, jamaa wanamuuliza maulizo mawili: utasomea wapi, na nani atalipa. La pili hatuwezi kulijibu hapa. La kwanza lina majibu machache. Kuna Kinshasa, lakini Kinshasa kwetu ni safari ya ndege. Upande wa mashariki kuna Kampala, barabara ikiruhusu, na pale Kampala, kwenye kilima cha Namirembe, kuna hospitali ya Mengo. Ndani ya hospitali hiyo kuna chuo kinachofundisha watu kupima kwa ekografi, chenye jina la Ernest Cook.

Jina hilo la Cook ni la ukoo ulioacha alama kubwa pale. Wa kwanza wao, aliyeanzisha hospitali yenyewe, ni Albert Ruskin Cook. Wazee wa Uganda wanamjua, ila huku kwetu wachache wamesikia maisha yake. Tuyaeleze leo, kwa sababu kazi ya kuangalia ndani ya mwili bila kupasua, kwa eneo letu hili, ilianza karibu na mlango wake.

Alizaliwa London tarehe 22 mwezi wa tatu 1870. Alisoma Cambridge, kisha akafanya masomo ya uganga katika hospitali ya Saint Bartholomew's kule London. Alikuwa mtu wa dini sana, na alipomaliza akajiandikisha kwa shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS. Mwaka wa 1896 wakamtuma Uganda.

Wakati huo gari la moshi halijafika. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901 tu. Basi kundi lao lilitoka Mombasa kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,000, na wapagazi wamebeba dawa na vyombo vya upasuaji. Safari ilichukua kama miezi mitatu. Watu wetu wanaotembea kutoka vijiji vya ndani ya Walikale mpaka kituo cha afya wanaelewa maana ya safari ya hivyo, ingawa wao hawana mpagazi. Katika kundi lile alikuwemo muuguzi mmoja, Katharine Timpson. Mwaka wa 1900 alikuwa mke wa Cook, na kusema kweli nusu ya habari hii ni yake.

Walifika Mengo mwezi wa pili 1897. Tarehe 22 ya mwezi huo wakaanza kutibu watu, na mwezi wa tano hospitali ya kwanza ikafunguliwa: nyumba ya udongo na matete. Mwaka huohuo Kabaka Mwanga akaasi dhidi ya Waingereza na kukimbia, kisha askari wa Kisudani nao wakaasi serikali ya Waingereza. Cook akajikuta kule Busoga, kwa Luba, anashona majeruhi wa vita. Hospitali yake haikuwa na hata mwaka mmoja. Waganga wanaofanya kazi Masisi hawahitaji kuelezwa.

Tuseme pia jambo moja ambalo vitabu vya misioni vinapenda kuruka. Watu wa nchi ile hawakuwa wamekaa tu wakisubiri Mzungu awafundishe kuzalisha. Mwaka wa 1879, Robert Felkin, naye muganga wa CMS, alimwona mtaalamu wa kienyeji kule Kahura, Bunyoro, akimpasua mama na kumtoa mtoto. Walitumia pombe ya ndizi kwa kumtuliza mama na kusafisha mikono na tumbo, na mama akapona. Felkin aliandika habari hiyo mwaka wa 1884. Kwa hiyo Cook alikuta elimu. Shida ilikuwa kwamba elimu ile haikuandikwa wala kufundishwa wengi, na vita na magonjwa viliimaliza haraka.

Mwaka wa 1899 ndugu yake, Jack Cook, naye muganga, akaja kumsaidia. Mwaka wa 1901 hawa wawili wakapokea wagonjwa wenye homa, wanaolala mchana, wanaokonda mpaka kufa. Walikuwa wa kwanza kutoa habari ya ugonjwa wa usingizi katika Uganda. Miaka michache iliyofuata ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 200,000 pembeni ya ziwa. Mwaka wa 1903 ndipo watafiti walipojulisha kwamba kijidudu chake kinaletwa na mbung'o.

Halafu moto. Mwezi wa kumi na moja 1902 radi ilipiga hospitali, na nyumba ya matete ikateketea. Cook akajenga tena, sasa kwa matofali, na mwaka wa 1904 hospitali mpya ikafunguliwa.

Katika hiyo hospitali ya matofali ndipo ilipofika mashini. Röntgen, Mjerumani, aligundua miali ya X mwezi wa kumi na moja 1895. Mwaka wa 1907, miaka kumi na miwili tu baadaye, Mengo ilikuwa na mashini ya miali hiyo, ya kwanza katika Uganda. Huku kwetu watu wanaiita radio, na sisi tunaofanya kazi ya redio tumekwisha kuzoea kupigiwa simu na watu wanaouliza kama tunapima mifupa. Hatupimi.

Kabla ya hapo, muganga aliyetaka kujua kama mfupa umevunjika wapi, ao risasi imekaa wapi, alikuwa na vidole vyake na kilio cha mgonjwa. Sasa angeweza kuangalia. Ila mashini ile ilikuwa na mpaka wake: miali ya X inaonyesha vizuri mifupa, haionyeshi vizuri nyama laini, na baadaye ikajulikana kwamba ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kwa mama mwenye mimba, Mengo ilibaki na mikono tu.

Ekografi ilikuja baadaye sana. Inatumia sauti, siyo miali: sauti ya juu sana ambayo sikio la mtu haliisikii. Kile kichwa cha mashini kinatuma sauti ndani ya mwili, sauti inagonga viungo na kurudi, na mashini inageuza mwangwi huo kuwa picha. Ile dawa ya utelezi wanayopaka tumboni ni ya kuondoa hewa kati ya kichwa cha mashini na ngozi, juu sauti haipiti vizuri penye hewa. Ian Donald na wenzake kule Glasgow, Scotland, ndio waliotangaza picha za kwanza za mimba mwaka wa 1958. Cook alikuwa amekufa miaka saba mbele.

Lakini turudi kwake, kwa sababu jambo lake kubwa kwetu si mashini. Ni kufundisha.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia Mengo iligeuzwa hospitali ya askari. Cook akaona kwamba waganga Wazungu wachache hawatatosha hata siku moja, na vijana wa kienyeji waliokuwa wakifunga vidonda wanaweza kupewa masomo ya kweli. Mwaka wa 1917 akafungua shule ya wasaidizi wa uganga. Serikali yenyewe ilichelewa: ilikuja kuchukua kazi hiyo baadaye, kule Mulago na Makerere.

Katharine naye akachukua upande wa akina mama. Alianza kufundisha wakunga, na mwaka wa 1921 shule yao, iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana, ikafunguliwa rasmi. Wasichana walisoma kwa Kiluganda. Cook alikuwa amejifunza lugha hiyo mapema: mwaka wa 1903 alitoa kitabu cha maneno ya uganga kwa Kiluganda, na baadaye yeye na mkewe wakaandika kitabu cha ukunga kwa lugha hiyohiyo. Wakunga waliomaliza walitumwa kwenye vituo vya mashambani, mbali na mji. Mimi naona hapo ndipo alipowazidi wengi wa wakati wake. Angeweza kujenga hospitali moja kubwa na kungoja watu waje. Wao wawili walipeleka watu waliofundishwa mahali mama anapokaa.

Maisha yake yana upande wa giza pia. Kuanzia mwaka wa 1908 serikali ya Waingereza iliendesha kampeni kubwa dhidi ya kaswende Uganda. Cook aliiunga mkono, na aliamini kwamba sehemu kubwa sana ya Waganda wana ugonjwa huo, tena kwa sababu ya tabia mbaya. Watu walipimwa kwa amri, na wanawake walidhalilishwa. Watafiti waliopitia mambo hayo baadaye wameona kwamba hesabu zilipita kiasi: wengi wa wagonjwa wale walikuwa na ugonjwa mwingine unaofanana na kaswende, ambao watoto wanaambukizana kwa ngozi, bila uhusiano wowote na uasherati. Cook alikuwa muganga hodari, lakini hapa aliona kile alichotazamia kuona.

Mtu anayejifunza ekografi anakutana na hatari hiyohiyo kila siku. Picha ile ya kijivu haisemi yenyewe. Mikono miwili tofauti juu ya tumbo moja inaweza kutoa picha mbili tofauti. Ndiyo sababu masomo yake hayaishii kwenye kujua vifungo vya mashini. Mwanafunzi anasoma viungo vya mwili na jinsi vinavyokaa, anasoma tabia ya sauti, anasoma magonjwa, kisha anapima wagonjwa wengi chini ya jicho la mtu aliyemtangulia, na anaandika ripoti baada ya ripoti. Shirika la Afya Duniani, OMS, tangu 2016 linashauri kila mama mwenye mimba apimwe kwa ekografi angalau mara moja kabla ya juma la 24. Kwa mama wa kijiji cha ndani Walikale, kipimo hicho kikimwambia mapema kwamba kondo la nyuma limekaa mlangoni, anapata wiki nyingi za kutafuta njia ya kufika hospitali kubwa. Asipojua, ataanza kutoka damu usiku, na barabara tunaijua. Mashini ndogo siku hizi inabebwa hata kwenye pikipiki. Mkono unaojua kuitumia ndio unaokosekana, na huko kwetu mara nyingi ni daktari mmoja wa hospitali nzima anayeacha upasuaji kwenda kupima.

Na kuhusu kuandika ripoti, Cook ana somo ambalo hata yeye hakulitazamia. Tangu 1897 aliandika habari za wagonjwa wake mmoja mmoja: jina, umri, ametoka wapi, anaumwa nini, amefanyiwa nini, ameishia wapi. Karatasi zile zikatunzwa. Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alieleza aina ya saratani inayovimbisha taya za watoto. Swali likatokea: huu ni ugonjwa mpya? Watafiti wakafungua karatasi za Mengo na kukuta watoto wenye uvimbe wa namna hiyo tangu miaka ya mwanzo kabisa. Mwaka wa 1964 wakachapisha hesabu ya saratani za Mengo kuanzia 1897 mpaka 1956, jambo ambalo hospitali chache sana za Afrika zingeweza kulifanya. Huku kwetu, ambako vituo vya afya vimechomwa na madaftari kuibiwa mara ngapi, habari hii inauma kidogo.

Mwaka wa 1932 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha Sir. Mwaka wa 1934 alistaafu, lakini hakurudi kwao. Alijenga nyumba Makindye, ng'ambo kidogo ya Mengo. Katharine alikufa 1938. Mwaka wa 1945 Cook alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda, na tarehe 23 mwezi wa nne 1951 naye akafa, mwenye miaka 81. Alizikwa Namirembe, karibu na hospitali yake. Maktaba ya uganga ya chuo kikuu cha Makerere ina jina lake, na madaftari yale ya Mengo yamehifadhiwa huko.

Chuo cha ekografi cha Mengo kinapokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali, na mtu anaweza kutoka na diploma ao digrii. Anayefikiria kwenda ajue mapema kwamba masomo ni kwa Kiingereza. Sisi tunasoma kwa Kifaransa, kwa hiyo mwaka mmoja wa kujifunza lugha kwanza hautakuwa mwaka wa bure. Cook mwenyewe alianza na Kiluganda.